Tozo ya 6% ya Bodi ya Mikopo ilivyofutwa, na kilichobaki kwenye slipu ya mwalimu

Kuna mwalimu rafiki yangu, anafundisha Historia na Kiswahili sekondari, siku moja alinionyesha slipu yake ya mshahara tukiwa tumekaa tu tunapiga stori, akaniambia hebu niangalizie hapa maana mimi namba za hivi zinanichosha. Nikaishika nikaisoma mstari kwa mstari, na toka siku hiyo sijaacha kuifikiria. Nimeona niiandike yote maana hapa Tanzania tunaongea sana kuhusu mikopo ya elimu ya juu ila mara nyingi tunaongea kwa hasira bila kuweka hesabu mezani, na hesabu ikishawekwa mezani hasira inaenda mahali pake panapostahili.

Slipu yenyewe ni ya kabla ya nyongeza ya 2022. Mshahara wa kuanzia wa mwalimu mwenye digrii kipindi hicho, ngazi ya D, ulikuwa 716,000. Haya shuka nao chini: mfuko wa pensheni 5%, hiyo ni 35,800. Bima ya afya 3%, 21,480. Chama cha walimu 2%, 14,320. Kodi, baada ya kile kiwango cha chini kushushwa kutoka 9 kwenda 8, inakuja kama 52,000. Halafu kuna mstari mmoja umeandikwa Bodi ya Mikopo, 15% ya mshahara wote wa msingi kabla hujagusa kitu kingine, 107,400. Ukijumlisha makato yote unapata kama laki 2 na elfu 31, na karibu nusu yake ni huo mstari mmoja wa Bodi. Mwalimu anaondoka na 485,000 hivi. Kodi ya serikali yenyewe ni nusu tu ya makato ya Bodi, hebu liangalie hilo vizuri, mtu analipia digrii yake mara mbili ya anavyolipa kodi.

Sasa turudi nyuma kidogo ili tuelewe amefikaje hapo.

Huyu bwana alisoma chuo 2012 mpaka 2015 kwa mkopo. Hiyo mikopo ina historia yake, zamani aliyefika chuo kikuu alisomeshwa na serikali kila kitu, mambo ya kuchangia gharama yakaingia kwa awamu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 90, kuanzia 1994/95 hela ya chakula na malazi ikawa mkopo, halafu ikatungwa sheria ya Bodi mwaka 2004 na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Kipindi mwalimu anasaini fomu zake kiwango cha kukatwa ukishaajiriwa kilikuwa 8% ya mshahara. Wote waliosoma miaka ile waliingia wakijua ni 8. Mwishoni mwa 2016 sheria ikabadilishwa ikawa 15, na ikawakamata wote, waliokopa jana na waliokopa miaka 10 nyuma, mtu aliyekuwa ameshapanga maisha yake na 8 akaamka asubuhi anakatwa karibu mara mbili.

Na juu ya hapo kulikuwa na vitu viwili vingine. Cha kwanza ni hiyo tozo ya kulinda thamani ya fedha, ambayo watu wote walikuwa wanaiita VRF, 6% kwa mwaka kwenye deni linalobaki. Cha pili ni adhabu ya 10% kwa asiyeanza kurejesha ndani ya miezi 24 toka ahitimu.

Hii ya pili ndio inaniuma zaidi kwenye kisa cha huyu mwalimu. Amehitimu 2015. Wenzake wa miaka ya nyuma walikuwa wanamaliza chuo, wanakaa miezi kadhaa, wanapangiwa vituo. Yeye wakati anasubiri, katikati ya 2016 serikali ikasimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa. Uhakiki ulikuwa na sababu zake na sina ugomvi nao, ila matokeo yake ni kwamba mwalimu wa masomo ya sanaa alikaa mtaani. Miezi 24 ikapita. Ajira kaja kuipata Januari 2019. Yaani mwajiri wake ni serikali, aliyesimamisha ajira ni serikali, na adhabu ya kuchelewa kuanza kulipa imewekwa na sheria ya serikali hiyo hiyo. Unaweza kusema angejiajiri, na alijaribu, alifundisha tuisheni, lakini tuisheni ya mtaani haikatwi na Bodi na hata ingekatwa isingetosha.

Haya tufanye hesabu. Tuseme deni lake la msingi lilikuwa 9,000,000, namba ya kawaida kabisa kwa aliyesoma miaka mitatu. Adhabu ya 10% ni 900,000, linakuwa 9,900,000. VRF nitaianza Januari 2019 siku alipoanza kukatwa, ili mtu asije akasema nimeongeza chumvi. Mshahara nautuliza kwenye 716,000, na hapo pia sijaonea mtu maana mishahara ya watumishi ilikaa pale pale kuanzia 2015 mpaka nyongeza ya Julai 2022.

Kutoka Januari 2019 hadi Juni 2021 ni miezi 30. Amekatwa 107,400 mara 30, jumla 3,222,000. Deni limeshuka kutoka milioni 9.9 hadi milioni 8 na elfu 30. Maana yake katika milioni 3.2 aliyotoa jasho, deni limepungua milioni 1 na laki 8 na kitu, iliyobaki yote, zaidi ya milioni 1.3, imemezwa na asilimia 6. Ndio maana ulikuwa unasikia walimu na manesi na maafisa kilimo wanasema mimi nakatwa miaka yote lakini deni silioni likipungua, walikuwa hawasemi uongo, walikuwa wanaona kweli.

Na huyo ni wa 15. Chukua wa zamani aliyekuwa anakatwa 8, mshahara huo huo, deni la milioni 9 bila hata adhabu. 8% ni 57,280 kwa mwezi, kwa mwaka inakuwa 687,360. VRF ya mwaka wa kwanza ni 540,000. Inayokwenda kupunguza deni ni laki 1 na elfu 47 kwa mwaka mzima. Nilipofika hapa nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kwa mwendo ule mshahara usipopanda angemaliza baada ya miaka 25 na ushee, akiwa ametoa zaidi ya milioni 17 kwa deni la milioni 9. Kwa hiyo ile 15 tuliyoilalamikia sana, kwa mtu mwenye VRF, kimahesabu ilikuwa inamtoa haraka kwenye shimo, lakini kwa kumbana shingo mwezi kwa mwezi. Tatizo lilikuwa ni 6 na 15 kukaa pamoja kwenye mshahara ambao haupandi.

Mei 1, 2021 ikafika. Sherehe za wafanyakazi kitaifa zilikuwa Mwanza, Rais Samia ana kama mwezi mmoja na nusu tu toka aapishwe. Nyongeza ya mshahara mwaka huo akasema haiwezekani, akaomba asubiriwe mwaka unaofuata, lakini akatangaza kodi ya mshahara kushuka kutoka 9 hadi 8 na tozo ya 6% kufutwa. Na ile adhabu ya 10% nayo ikaondolewa mwaka huo huo, Profesa Ndalichako akiwa ndiye waziri wa elimu.

Naomba niseme wazi, ule ulikuwa uamuzi sahihi na nitautetea popote. Mfumuko wa bei 2020 na 2021 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Kama lengo la tozo lilikuwa kulinda thamani ya fedha, thamani ilikuwa inapungua kwa 3 na kitu na wewe unamtoza 6. Ile iliyozidi sio kulinda thamani tena, hiyo ni riba, iitwe jina lake. Na unamtoza nani, unamtoza mtoto wa mkulima aliyekopa kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsomesha. Yule ambaye baba yake alimlipia ada yote kwa mkupuo hajawahi kuijua VRF. Maana yake digrii ile ile, chuo kile kile, aliyetoka familia maskini aliinunua kwa bei kubwa kuliko aliyetoka familia yenye uwezo.

Kwa mwalimu wetu hesabu inabadilika hivi. Deni la milioni 8.03 kuanzia Julai 2021 bila tozo, kwa 107,400 kwa mwezi, ni miezi 75, anamaliza Septemba 2027. Kwa mfumo wa zamani angemaliza 2029. Miezi 19 imeokolewa, kama milioni 2 imebaki mfukoni kwake. Ukiwa unalipwa laki 4 na 85 milioni 2 ni hela ya kuezekea nyumba.

Watu wengi kisa wanakiishia hapo, wanapiga makofi. Mimi nataka tuendelee kwa sababu upande wa pili wa karatasi kuna maswali ambayo hayaulizwi.

Swali la kwanza, ile gharama imehamia wapi? Maana haijayeyuka. Kama bei zinapanda 3.5% kwa mwaka na mwalimu anarejesha shilingi zile zile bila nyongeza hadi 2027, zile milioni 8 atakazorudisha zitakuwa na nguvu ya kama milioni 7 na laki 2 za 2021. Laki 8 hivi zimebebwa na serikali, na serikali ni sisi. Zidisha kwa maelfu na maelfu ya wanaorejesha. Ni ruzuku hiyo, na ni ruzuku nzuri, ila haina mstari wake kwenye bajeti, hakuna mahali bungeni inasomwa kwamba mwaka huu tumetoa kiasi hiki kulinda mfuko wa mikopo usisinyae. Mfuko unaozunguka, yaani anayemaliza analipa ili anayeingia akopeshwe, ukiutoa ile kinga inabidi Hazina ijazie kila mwaka. Ikijazia vizuri hakuna tatizo. Ikisahau, anayeumia sio mwalimu aliyeko kazini, anayeumia ni kijana wa kidato cha sita anayejaza fomu mwaka huu.

Kwa hiyo nikaenda kuangalia Hazina imejazia vipi. Bajeti ya mikopo 2020/21 ilikuwa bilioni 464. 2021/22, mwaka ule wa kufuta tozo, ikapanda hadi bilioni 570. 2022/23 bilioni 654. 2024/25 bilioni 787. Ukisikia hivyo unaona jamani serikali inajitahidi, na kweli imejitahidi, kutoka 464 kwenda 787 ndani ya miaka minne sio mchezo.

Ila sasa weka pembeni yake bajeti nzima ya nchi. 2020/21 ilikuwa trilioni 34.88, kwa hiyo mikopo ilikuwa 1.3% ya bajeti. 2021/22 trilioni 36.33, mikopo ikawa karibu 1.6. Hapo pana mruko wa kweli, hapo serikali ilichagua. 2022/23 bajeti trilioni 41.48, mikopo karibu 1.6. 2024/25 bajeti trilioni 49.35, mikopo 1.6. Unaona? Baada ya ule mruko mmoja imekaa pale pale. Bilioni zinaongezeka kwa sababu bajeti nzima inaongezeka. Fungu la mwanafunzi wa chuo kwenye sahani ya taifa halijakua, sahani ndio imekua.

Na humo ndani waliokaa kula wameongezeka. Elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na Juni 2022 Mwigulu Nchemba, akiwa Waziri wa Fedha, akasoma bungeni kwamba ada ya kidato cha tano na sita nayo imefutwa, gharama yake ilikuwa bilioni 10.3 tu. Mimi nilifurahi sana siku ile, kwa bilioni 10 unawagusa wanafunzi laki na nusu kasoro kidogo, 70,000 kila mmoja. Lakini wale watoto wa elimu bila ada wa 2016 wameanza kufika mlango wa chuo. Halafu 2023/24 mikopo ikafunguliwa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa diploma, jambo jema sana na lilichelewa. Wanufaika sasa wamevuka laki 2. Ukifungua geti la chini bila kupanua geti la juu msongamano unakuja kutokea getini juu, na msongamano kwenye mikopo hauonekani kama foleni, unaonekana kama asilimia. Unaomba mkopo unapewa, sawa umepata mkopo, lakini kwenye ada umepata nusu au robo.

Najua jibu la hapo ni kwamba hela haipo. Mishahara na deni la taifa vinakaa mezani kabla ya wengine wote, halafu ndio miradi. Nalikubali hilo sehemu yake. Mimi sio wa kusema bwawa la Nyerere lisingejengwa, trilioni 6.5, megawati 2,115, nchi isiyo na umeme hata hivyo vyuo vinafundishia nini. Trilioni 6.5 ni sawa na mikopo ya zaidi ya miaka 11 kwa kiwango cha 2021/22, na bado nasema lijengwe. Ila bwawa linajengwa mara moja. Miaka ile yote bajeti ilikuwa inatenga mabilioni ya bwawa kila mwaka, sasa limejengwa na linazalisha. Ile nafasi iliyokuwa inakaliwa na bwawa imekaliwa na nani sasa? Hilo ndio swali la vipaumbele. Kusema unakipenda kitu hakutoshi, tuangalie nafasi ikipatikana unamkaribisha nani akae.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndio kiini cha kisa chote, na lilinijia nikiwa bado nina ile slipu mkononi. Jina la ile tozo lilikuwa kulinda thamani ya fedha. Kulinda thamani ya fedha ya nani? Ya serikali. Miaka ile yote thamani ya hela aliyokopeshwa mwalimu ililindwa kwa 6% kila mwaka bila kukosa. Lakini upande wa pili wa hela ile ile, yaani boom, ile hela ya kula na kulala anayopewa mwanafunzi, nani aliilinda? Boom ilikuwa 8,500 kwa siku miaka na miaka. Siku 60 unasaini laki 5 na 10, waliosoma kipindi hicho hiyo namba wanaikumbuka mpaka leo. Kama 8,500 ingelindwa kwa 6% ile ile, ndani ya miaka 5 tu ingefika 11,300 na kitu. Ikaja kupandishwa 2022/23 ikawa 10,000. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, ila kama kipimo cha 6% kilikuwa cha haki kwa mkopeshaji basi mkopaji alikuwa anadai bado.

Na boom ndio gharama kubwa ya chuo hapa kwetu, hili watu hawalishiki vizuri kwa sababu tunapenda kubishana kuhusu ada. Chukua 10,000 mara siku 240 za mwaka wa masomo, ni milioni 2.4. Ada ya kozi za kawaida kwenye vyuo vya umma inacheza kwenye milioni 1 na kidogo. Yaani kula na kulala ni karibu mara mbili ya kusoma kwenyewe. Kwa hiyo anayesema tufanye chuo bure kwa kufuta ada peke yake bado hajagusa mzigo wenyewe. Kwa kila wanafunzi laki 2 boom inameza bilioni 480 kwa mwaka, wakati ada ya milioni 1.3 kwa idadi hiyo hiyo ni bilioni 260.

Nenda ukamwangalie mwanafunzi siku boom imeingia. Laki 6 za siku 60. Hajapata hosteli, amepanga geto na mwenzake, tuseme sehemu yake ni 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mwezi mwezi, anataka miezi 6 kwa mkupuo, laki 3. Boom ni ya miezi miwili, kodi ni ya miezi sita. Siku ya kwanza tu nusu ya boom imeondoka, halafu kuna madeni ya dukani aliyoyaacha wakati boom imechelewa, halafu nauli. Wiki ya tano huyo ndio yule anayekunywa chai saa 5 asubuhi ili iwe chai na chakula cha mchana kwa pamoja, anaingia kipindi cha saa 8 macho yanafumba. Hapo hujakata chochote, hujamtoza VRF, na hata hivyo chuo kimeshakuwa ghali kwake.

Ndio maana kwenye vipaumbele mimi ningeweka vitanda mbele. Zile hosteli za UDSM zilizozinduliwa Aprili 2017, majengo 20, zinalaza wanafunzi 3,840, zilijengwa kwa bilioni 10. Gawanya, ni kama milioni 2.6 kwa kitanda kimoja. Milioni 2.6 ni boom ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja na wiki chache, lakini kitanda kinalaza mmoja baada ya mwingine kwa miongo. Hata tukisema sasa hivi bei za ujenzi zimepanda mara mbili bado hesabu inakubali. Bilioni 50 kila mwaka, ambayo ni kama sehemu moja kati ya elfu ya bajeti ya 2024/25, yaani 0.1%, hata kwa bei hiyo ya mara mbili unapata vitanda karibu 10,000 kila mwaka. Hiyo ni namna ya kupandisha boom bila kupandisha boom, maana laki 3 ya mwenye nyumba inabaki tumboni kwa mwanafunzi na deni lake la baadaye haliongezeki hata shilingi. Ukimwongezea boom unamwongezea deni pia, ukimpa kitanda cha bei nafuu humwongezei.

Kuna rafiki yangu mwingine nilimpa hesabu hizi akanibishia, akasema basi turudishe tozo ndogo, iwe sawa na mfumuko wa bei, 3 au 4, mfuko usisinyae. Ni hoja ya mtu anayefikiri na nimeikalia siku kadhaa. Nimeikataa kwa sababu moja, mshahara wa mkopaji wenyewe haujafungwa kwenye mfumuko wa bei. Mshahara wa kuanzia wa mwalimu ulikaa 2015 hadi 2022 kwenye 716,000. Siku mshahara wake na boom ya mdogo wake vikipanda kila mwaka kufuata bei, hapo njoo tuongee kuhusu deni nalo kufuata bei. Mpaka hapo, kile kinachopungua kibebwe na bajeti, na kiandikwe wazi kwenye kitabu cha bajeti, mstari wake na namba yake, ili kila Juni mbunge wako aweze kuuliza mbona mwaka huu mmepunguza.

Turudi kwa mwalimu. Makato bado yanaendelea, na toka nyongeza ya 2022 yamepanda kidogo maana ni asilimia, mshahara ukipanda nayo yanapanda. Ana mdogo wake wa kike aliyemaliza kidato cha sita, hao wa ada iliyofutwa, akaomba mkopo, akahangaika na vyeti RITA, wale wakala wa vizazi na vifo, akasubiri awamu ya kwanza jina halimo, awamu ya pili likatoka. Boom kapata yote. Ada kapata laki 5, chuo kinadai milioni 1 na laki 3. Inayobaki laki 8 hawezi kuilipa mama yao ambaye anauza mboga, kwa hiyo imeangukia kwa kaka. Laki 8 gawanya kwa miezi 12 ni 66,700 hivi.

Nilimuuliza anaitoaje, akachukua ile slipu akaigeuza nyuma, kuna hesabu ameandika kwa peni nyekundu ya kusahihishia, juu 107,400, chini yake 66,700, jumla 174,100, halafu amepiga mstari na kuandika jina la mdogo wake na "mwaka wa 1". Chini yake amewacha nafasi mbili tupu, moja ya mwaka wa 2 na moja ya mwaka wa 3.